Alama Juu ya Mstari Mweupe

Walinzi waliotupiga pale getini walifundishwa fimbo na baba yangu. Nalisema mapema, kwa mdomo wangu mwenyewe, maana kuna watu wamelizunguka jambo hili miaka mingi kwa kunistahi, na mimi sikuomba kustahiwa. Alifundisha walinzi thelathini na wawili, miezi mitano, siku nne kwa wiki, na aliwafundisha vizuri. Kufundisha vibaya hakujui.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, nitaueleza kidogo. Ni watu wawili ndani ya duara la chaki, kila mmoja na fimbo mbili: ndefu mkono wa kulia ya kupigia, fupi mkono wa kushoto ya kukingia. Unapiga kuanzia begani kushuka hadi gotini. Kichwa hakiguswi. Anayepiga kichwa, hata kwa bahati mbaya, anatoka nje ya duara na mwaka ule harudi. Na aliyeshindwa hana haja ya kusema neno. Anakaa chini. Akishakaa, mwenzake anageuza ncha ya fimbo ardhini na kubaki hivyo hivyo mpaka aliyekaa ainuke. Huko ndiko kushusha ncha, na baba alifundisha hilo kabla ya pigo lolote. Mtu anakuja siku ya kwanza na pupa yake ya kutaka kupiga, baba anamwambia, "Shusha ncha." Tena. "Shusha ncha." Wiki nzima. Wengine walichoka wakaenda kucheza mpira.

Mimi nilianza nikiwa na miaka sita. Baadaye nikaingia kiwanda cha nguo, kama mama yangu kabla yangu, nikapewa cherehani meza ya nne. Baba alibaki na wanafunzi wake katika ghala kuukuu nyuma ya gereji, bati limetoboka, sakafu ya udongo, mpaka mwenye ghala alipotaka kulibomoa. Wiki ile ile akaja Kepteni.

Kepteni alikuwa mkuu wa walinzi pale kiwandani kwetu. Hakuwahi kuwa mwanajeshi. Kofia ile aliinunua mwenyewe. Lakini alijua kuongea na wazee, alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye kigoda, magoti yakimgusa kidevu.

"Mwalimu wangu," alisema, "vijana wangu wana nguvu lakini hawana adabu. Ninyi wenye fimbo mna adabu. Nipe adabu hiyo. Kuna ukumbi uani kwetu, sakafu ya saruji, taa mchana na jioni. Ufundishe walinzi wangu, na wanafunzi wako wa zamani waje humo humo. Mashindano ya mwakani tupeleke timu."

Baba hakuomba hata siku ya kufikiri. Watu walisema ni uzee, wengine wakasema ni ukumbi. Haikuwa hivyo. Ilikuwa sikio la mama.

Miaka kumi na miwili kabla ya hapo mama alisimama kwenye geti lile lile na wenzake, wakidai maji ya kunywa ndani ya ukumbi wa cherehani. Maji tu. Mlinzi mmoja akampiga kwa kipande cha bomba kando ya sikio la kushoto, na tangu siku ile ukitaka kuongea na mama unazunguka unakuja upande wa kulia. Yule mlinzi mwezi uliofuata alipewa usimamizi wa jiko la wafanyakazi. Nakumbuka. Nakumbuka hadi soksi zake, moja ya kijivu, moja ya buluu. Baba naye kwa miaka yote hiyo alikuwa na neno moja tu kuhusu jambo lile: "Aliyempiga mama yenu hakujua fimbo. Anayejua fimbo hapigi kichwa. Mkono wake wenyewe unakataa."

Kwa hiyo Kepteni alipokuja, baba aliona amepewa nafasi ya kwenda kufundisha ile mikono kukataa.

Sasa nije kwenye mlango. Ukumbi wetu una milango miwili, wa mbele wa kuingilia na wa nyuma unaotoka uani. Ule wa nyuma hufungwa kila zamu kwa komeo la chuma, kwa nje, eti nguo zisiibwe. Mwaka uliotangulia, chumba cha vipande kilishika moto saa nne asubuhi. Moshi ukaziba mbele, watu wakakimbilia nyuma. Wengi tulirudi tukapenya mbele tukiwa tumefunika nyuso na aproni. Mwenzetu mmoja wa meza ya kola hakurudi. Tulimkuta penye mlango ule, kucha zake zimevunjika. Alikuwa mtu wa kucheka huku ameshika tumbo, ukimwona unacheka hata hujui kinachochekesha. Baada ya mazishi kampuni ilibadilisha komeo. Likawekwa jipya, nene zaidi.

Tuliandika barua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya tatu nilipeleka mwenyewe, nikaiona ikiwekwa chini ya kikombe cha chai isiloweshe meza. Ndipo tukakubaliana: Jumanne, saa moja asubuhi, hakuna atakayeingia. Tutabaki nje ya geti mpaka komeo ling'olewe.

Siku kumi kabla ya Jumanne hiyo nilimpelekea baba chakula cha mchana. Walinzi walikuwa wamekwenda kula, ukumbi mtupu, unanukia jasho na mafuta ya mbao. Katikati kulikuwa na nguzo ya mazoezi, gogo lililozungushiwa magunia mawili na kufungwa kamba. Baba huipaka nguzo yake mstari mweupe mmoja usawa wa bega. Chini ya mstari piga utakavyo. Juu ya mstari hapana.

Chini ya mstari gunia lilikuwa limechakaa kidogo, kama inavyotakiwa. Juu ya mstari lilikuwa limechanika. Nyuzi zilining'inia, na ndani yake gogo lenyewe limebonyea, shimo la kuingia ngumi.

Mtu wa cherehani hatembei bila utepe shingoni. Niliuteremsha nikapima. Mstari mweupe, sentimita mia moja thelathini na tano. Shimo, mia moja arobaini na nane. Nikasimama kusoma namba ile mara mbili. Walinzi wale ni majitu, kiongozi wao tunamwita Mlingoti, anainama kupita mlangoni. Mkono ukikosea kati yao wenyewe utagonga shingo au kidevu, juu kabisa. Mia moja arobaini na nane hapakuwa mahali pa mtu yeyote mle ndani. Lakini aproni za mwaka ule ni mimi niliyewapima wenzangu wote, meza ya kwanza hadi ya sita, na urefu wao ninao kichwani. Nikaisogelea nguzo, nikageuka ubavu. Lile shimo lilinikaa sawasawa kwenye panja, juu kidogo ya sikio.

"Unapima nguzo suti?" Kepteni alikuwa nyuma yangu, njiti ya kiberiti mdomoni.

"Naona gunia limechoka, Kepteni."

"Vijana wana bidii."

Fimbo zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Niliinua moja. Za baba ni nyepesi, zimebanduliwa maganda, zinakaushwa kivulini mwezi mzima. Hii ilikuwa nzito kama mchi na inateleza mafuta. "Na hizi?"

"Za mazoezi. Mkono ukizoea nzito, nyepesi inakuwa unyoya. Muulize baba yako."

Nilimwuliza. Ni kweli, wachezaji hufanya hivyo. Nyumbani nikamwuliza na lile lingine.

"Baba, ile nguzo umeiangalia juu ya mstari?"

"Mikono ya wanaoanza inaruka. Wewe nawe uliruka. Ulimvunjia mama yako mtungi."

"Nilikuwa na miaka sita. Na hawa wanaruka wote thelathini na wawili, mahali pamoja?"

"Kila mtu ameshusha ncha mbele yangu. Kila mmoja, kwa jina."

"Baba, ni urefu wangu. Nimesimama pale."

Aliweka kijiko chini. "Unawasema wanafunzi wangu."

"Nasema gunia."

"Mnagombana nini huko kushoto?" mama akadakia. "Gombaneni upande huu na mimi nipate."

Hakuna aliyehamia upande wa kulia.

Alhamisi tulikutana kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wakati wa chai, watu wamekaa juu ya viatu vyao. Swali lilikuwa moja: twende na nini? Bi Kifungo ndiye aliyeanza, mwanamke wa mashine ya vifungo, mfupi, mdomo wake hauna likizo.

"Mimi naenda na mkasi wangu. Mlinzi akinisogelea namkata tai."

"Hawavai tai, Bi Kifungo."

"Basi nitakata kitakachokuwepo."

Kicheko kilichopigwa mle kilimleta msimamizi mlangoni, tukajifanya tunafunga kamba za viatu. Alipoondoka, Bi Kifungo alinigeukia, na sasa hakuwa anatania. "Mwanangu, hao wamefundishwa na baba yako. Sheria zao unazijua. Tukienda mikono mitupu, tukakaa chini, watatufanya nini?"

Watu sabini walinitazama.

"Mchezaji akikaa haguswi," nilisema. Na kwa kuwa niliona nyuso zinalegea, nikaongeza haraka: "Ngojeni. Nipeni mpaka Jumamosi nihakikishe."

Baba alifurahi nilipomwomba. Alidhani nakuja kuomba msamaha. "Njoo ucheze nao mwenyewe," alisema. "Macho yako yatakutosha."

Jumamosi mchana baada ya nusu zamu nilivaa suruali yake ya zamani, nikaingia duarani. Alinipangia Mlingoti. Sitamsingizia yule kijana, alikuwa na heshima. Aliinama mpaka macho yetu yakakutana.

"Dada, nikikuumiza utanisamehe."

"Ukiniumiza nitajifunza. Nikikuumiza mimi?"

Wenzake wakapiga kelele. "Mlingoti umeshaanguka hapo! Mlingoti, omba poo mapema!"

Tulicheza. Alikuwa mzuri kuliko nilivyotaka awe. Fimbo yake fupi haikuacha tundu, na kila nilipopita chini nilikuta goti limekwisha ondoka. Nilimpata ubavuni mara moja, akatabasamu. Akanipata begani mara mbili, mapigo safi, mepesi. Mikono yake ilikuwa ya baba yangu mtupu. Nikamngoja ainue fimbo ndefu kwa pigo la tatu, na ilipofika juu kabisa nikaziachia fimbo zangu zote mbili, nikakaa chini.

Ile fimbo ilibaki juu. Kisha ikashuka taratibu, ncha ikagusa saruji, ikatulia. Baba alipiga kofi moja. "Umeona?" Sauti yake ilikuwa imejaa. "Umeona mwenyewe?"

Niliona. Baba hutufundisha sote kutoangalia macho ya mtu, maana macho yanadanganya. Tazama kifundo cha mkono, pigo linaanzia hapo. Miaka hamsini ametazama vifundo vya mikono. Lakini mimi nilikuwa nimekaa, kazi yangu imekwisha, nikatazama uso. Na kabla ncha haijashuka, Mlingoti aliangalia mlangoni. Pale mlangoni Kepteni alikuwa ameegemea, njiti mdomoni. Akafumba macho na kuyafumbua polepole, kama mtu anayemruhusu mtoto achukue andazi. Ndipo ncha ikashuka.

Njiani nilimwambia baba.

"Alishusha au hakushusha?"

"Alimwangalia Kepteni kwanza."

"Nakuuliza, alishusha au hakushusha?"

"Alishusha."

"Basi." Akatembea mbele yangu, goti lake bovu likimvuta upande, na hakugeuka hadi nyumbani.

Jioni ile niliwaambia wenzangu ukweli wote, gunia, namba, jicho la Kepteni. Walibishana nusu saa. Tukienda na mikasi, walisema, kesho tutaitwa wahuni na mlango utasahaulika. Tukabaki na kukaa chini. Ila Bi Kifungo alisema, "Kukaa ni sawa, lakini kichwa changu sitakipeleka hivi hivi kama nazi sokoni," na hapo ndipo kazi ilipoanza. Vipande vya kutupwa vipo kiwandani magunia kwa magunia. Tulichukua kile kitambaa kigumu cha ndani ya kola, tabaka nane, katikati sponji ya mabega ya koti, tukashona mistari ya karibu karibu kama godoro, duara la juu na ukanda wa pembeni unaofunika masikio. Kofia ya kuvaa chini ya kilemba. Jumapili nzima na Jumatatu, kila mtu kwake, cherehani za miguu. Nilimjaribishia mama ya kwanza, nikampiga kofi kichwani kidogo.

"Umesikia?"

"Nimesikia nini?" alisema. "Nipige upande wenye sikio." Akaishika, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mishono. Hakuuliza ni ya nini. Alivuta kiti akaanza kukata.

Baba alipita kati yetu mara nyingi siku zile mbili. Sakafu ilijaa nyuzi. Alinyanyua miguu tu asikanyage.

Jumanne saa kumi na mbili na nusu tulikuwa getini, watu sabini na wawili, vilemba vimevimba kidogo. Kwa mbali ungedhani tunakwenda harusini. Ya Bi Kifungo niliishona mwisho, kwa haraka, bila kumpima kichwa. Ilikuwa pana. "Inacheza," alisema. Nikambania kwa pini mbili.

Sikumwita baba. Alikuja mwenyewe, amevaa shati lake jeupe la mashindano, limepigwa pasi. Alitoa chaki mfukoni, akachora mstari kutoka nguzo moja ya geti hadi nyingine, kwa kuinama, bila haraka, akiupitia mara mbili pale lami ilipokuwa na mchanga. Kisha akakaa juu yake, katikati, ametugeuzia mgongo, ameelekea geti.

Nilimfuata na kofia. "Baba, vaa."

"Nikivaa hiyo nitakuwa nimewatukana wanafunzi wangu mbele za watu."

"Baba, nakuomba."

"Rudi ukakae, mama. Kaa vizuri, magoti pamoja, mikono waione."

Nikarudi nikakaa. Sote tukakaa. Hakuna aliyeimba. Tulikuwa tumepanga kuimba, lakini tukabaki tukimtazama mzee yule amekaa peke yake mbele ya geti lile.

Saa moja geti likafunguliwa na walinzi wakatoka, mistari miwili, fimbo zile nzito begani. Kepteni alibaki nyuma, akatazama saa yake. "Kazi inaanza saa moja na nusu," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemkumbusha mtu.

"Komeo kwanza!" Bi Kifungo akajibu. "Halafu kazi, mume wangu!"

Wachache tulicheka. Mlingoti akaja mbele, wenzake wakimfuata, akafika mbele ya baba. Akasimama. Akaitoa fimbo begani, akaigeuza, akashusha ncha ardhini. Nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakatimia thelathini na wawili, ncha zote chini. Lami ililia kwa zile ncha, kisha kimya. Mwanamke mmoja nyuma yangu alianza kulia kwa raha. "Mwalimu," alikuwa anasema, "Mwalimu kweli, Mwalimu kweli." Niliona mgongo wa baba ukinyooka. Na mimi, niliyepima gunia kwa mkono wangu, kwa pumzi moja nilijiona mpumbavu, nikashukuru.

Mlingoti akageuza uso nyuma. Sikuona Kepteni alifanya nini, geti lilimziba.

"Samahani, Mwalimu," Mlingoti alisema.

Akamzunguka.

Wakamzunguka wote, wengine kulia, wengine kushoto, na kila aliyempita alikokota ncha chini mpaka ampite. Hakuna aliyeukanyaga mstari wa chaki mbele yake. Hakuna aliyemgusa hata kwa pindo la suruali. Wakishampita, fimbo zinakwenda juu.

Mapigo ya kwanza yote yalikuwa ya kichwa, yaliyozoezwa kwa urefu wa mtu aliyesimama, na sisi tulikuwa tumekaa, kwa hiyo ilibidi wapige goti moja. Hawakuwa wamelizoea hilo. Mlio wake ulikuwa kama mtu anakung'uta godoro. Vichwa vikayumba na kurudi. Walishangaa, nakumbuka nyuso zao, walishangaa kwa nini hatulali. Ndipo wakakumbuka mafunzo. Wakahamia mikono. Kifundo, kiwiko, mfupa wa bega. Nilijua kila pigo kwa jina kabla halijafika. Lile la kuzungusha kutoka chini. Lile la kurudia palepale. Baba aliyafundisha moja moja, kwa subira, na yalikuwa yanapigwa bila kosa. Langu lilikuja mkono wa kushoto, nikausikia mfupa kabla ya maumivu. Pembeni yangu kofia ya Bi Kifungo ilikuwa imeteleza hadi machoni, na alipoinua mikono kuirekebisha ikatoka kabisa.

Baba hakugeuka. Wapo waliomlaumu kwa hilo baadaye, kwamba alikaa tu. Katika mchezo, aliyekaa akiinuka, fimbo nazo huinuka. Alikuwa bado anashika sheria. Alikuwa anawangoja wanafunzi wake wakumbuke.

Mikono kumi na mitatu ilivunjika, na vidole sikuhesabu. Bi Kifungo alilazwa wadi, akafumbua macho siku ya pili. Ananijua. Mumewe anamjua. Kifungo anakiita kijiko, na akitaka kucheka uso unapanda upande mmoja tu. Madaktari walisema tushukuru. Mimi nilimtengenezea kofia pana kwa sababu nilikuwa na usingizi na sikutaka kuinuka kutafuta utepe, na utepe ulikuwa shingoni mwangu.

Jioni ile baba alivua shati mbele ya mama, dirishani kwenye mwanga.

"Nitazame mgongoni."

Mama akatazama. "Huna kitu."

"Tazama vizuri. Mabegani."

"Nimetazama. Vaa, utapata baridi."

"Hata mkwaruzo?"

Mama akamgeuza kwa mikono miwili, mbele, nyuma, akampitishia kiganja kuanzia shingo hadi kiuno, kama anayekagua kitambaa dukani. "Hakuna," alisema. Baba aliendelea kusimama pale, shati mkononi, na mama akaendelea kumpapasa, kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya baada ya hapo.

Alhamisi asubuhi mlango ulibishwa. Mlingoti, ameshavua viatu, ameinama chini ya kizingiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

Baba hakuitikia. Nilikuwa mezani, mkono umefungwa shingoni.

"Dada, pole," Mlingoti aliniambia, na alimaanisha. Kisha akamgeukia baba. "Kepteni anauliza kipindi cha leo ni saa ngapi."

Baba alimtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimtazama mtu wa fimbo usoni. "Juzi nilipokaa ulishusha ncha. Kwa nini?"

"Ulitufundisha, Mwalimu."

"Na wale akina mama? Hawakukaa?"

Kijana alifikiri. Alifikiri kweli, kama mwanafunzi anayetaka kupata jibu. "Walikaa, Mwalimu. Lakini wale si wachezaji."

Hakusema kwa dharau. Ningependa kuandika kwamba alicheka, ingenisaidia. Alisema kama mtu anayerudisha somo neno kwa neno, na alitegemea kusifiwa.

"Hakuna kipindi," baba alisema. "Leo hakuna, kesho hakuna."

"Sawa, Mwalimu." Mlingoti alivaa viatu vyake taratibu, akafunga kamba. "Si neno. Mengi tumeshayashika." Akainama, akatoka.

Jumatatu iliyofuata tulirudi kazini, sisi tulioweza kushona. Mkono mmoja unatosha kusukuma kitambaa ikiwa mguu ni mzima. Saa moja na nusu nilisikia komeo likisukumwa kwa nje, chuma juu ya chuma, na hatua za mtu zikiondoka uani. Ukumbi wote ulisikia. Hakuna aliyeinua uso. Msimamizi alipokwenda kunywa chai, mwanamke wa meza ya tatu alipita kwenye cherehani yangu, akaniwekea mapajani furushi la vipande vigumu vya kola, akanyoosha mkono wake mzima mbele yangu, amekunja ngumi.

Nikateremsha utepe. Safari hii nilipima kila mtu, kifundo hadi kiwiko, kiwiko hadi bega, na nikaandika.